Tuitembelee Mbarara: Historia ya Mji wa Mto Rwizi kwa Familia za Nakivale



Kila shule zinapokaribia kufungwa, wazazi hutuuliza sisi walimu wa madrasa swali moja: watoto tuwapeleke wapi wakajifunze, nasi hatuna fedha za safari za mbali? Katika makala hii tunatoa jibu lililo karibu. Wapelekeni Mbarara.

Tunajua wengi watashangaa. Mbarara? Si ndiyo tunayoiona kila tunapokwenda hospitali, kununua bidhaa za duka au kupanda basi la Kampala? Ndiyo, ni hiyo hiyo. Lakini kuingia mjini kutafuta sukari ya jumla ni jambo moja, na kuingia mjini kutafuta habari za waliopita ni jambo jingine. Qur'ani Tukufu imewahimiza waja zaidi ya mara moja kutembea na kuzingatia mambo ya walioishi kabla yao. Mtu anaweza kupita juu ya daraja mara mia na asijue ni maji ya mto gani yanayopita chini yake, wala yameshuhudia nini.

Nia yetu ni kuwapa familia na walimu wa vijiji vyetu mpango wa safari ya siku moja, ambayo mtaiongoza wenyewe bila ya kumlipa mwongozaji wa watalii. Kabla ya mpango wenyewe lazima tutangulize historia, kwa sababu anayesafiri bila ya kujua anachokitafuta hurudi na picha za simu tu.

MTO NA ZIWA NI NDUGU

Tuanze na maji. Mto Rwizi unaanzia katika milima ya Buhweju, magharibi ya Mbarara. Unateremka, unapita mjini, kisha unaelekea mashariki na kuingia katika mabwawa na maziwa ya ukanda wa Mburo. Miongoni mwa maziwa ya mfumo huo ni Mburo, Kachera, Kijanebalola na Nakivale. Maana yake ni kwamba ziwa ambalo watoto wetu wanachota maji yake na kula samaki wake ni la ukoo mmoja na mto wa Mbarara. Mwaka 2006 ardhi oevu ya Mburo na Nakivale iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya maeneo ya maji yanayostahiki kuhifadhiwa.

Kwa hiyo anayesema "Mbarara ni kwao, Nakivale ni kwetu" aambiwe autazame mto. Mwenyezi Mungu ameyaunganisha maji kabla watu hawajachora mipaka ya wilaya.

UFALME WA NKORE NA JINA LA MBARARA

Nchi hii wenyewe huiita Nkore, na pia Kaaro Karungi, yaani nchi nzuri. Wazungu ndio walioieneza kwa jina la Ankole. Ilikuwa chini ya mfalme aliyeitwa Omugabe, na alama kubwa ya ufalme ilikuwa ngoma iitwayo Bagyendanwa. Utajiri wake ulikuwa ng'ombe wa pembe ndefu, ambao hadi leo ndio fahari ya watu wa huku, na wakulima wake walilima ulezi katika vilima.

Jina la Mbarara linatokana na emburara, aina ya majani yaliyokuwa yameota kwa wingi mahali hapo. Zamani kila Omugabe alijenga makao yake mapya na kuyahamisha, hivyo hapakuwa na mji mmoja wa kudumu. Mji tunaouona leo ulikua pale Waingereza walipoweka kituo chao mwishoni mwa karne ya 19, karibu na makao ya mfalme.

Omugabe wa mwisho kutawala kabla ya Waingereza kushika hatamu ni Ntare wa Tano, aliyefariki mwaka 1895. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya mitihani: sotoka iliua ng'ombe kwa wingi, na maradhi ya ndui yaliwapata watu. Baada yake alikuja Kahaya wa Pili. Mwaka 1901 ulitiwa saini Mkataba wa Ankole, ambao uliiweka nchi chini ya Waingereza na kuunganisha na Nkore nchi ndogo za jirani kama Buhweju na Igara. Kahaya na waziri mkuu wake, Nuwa Mbaguta, waliingia katika Ukristo wa Kianglikana, na makanisa na shule za kimisheni zikapata nguvu mjini. Baada ya Kahaya alitawala Gasiyonga wa Pili kuanzia mwaka 1944, mpaka falme zote za Uganda zilipofutwa mwaka 1967.

Mwaka 1993 falme nyingine, kama Buganda, zilirudishwa. Ufalme wa Ankole haukurudishwa, kwani wananchi wenyewe waligawanyika juu yake. Waliokuwa wafugaji na waliokuwa wakulima, yaani Bahima na Bairu, hawakuwa na kumbukumbu moja ya enzi ya wafalme. Kuna wanaoililia na kuna wasiotaka kuisikia. Mzazi akifika Kamukuzi na mtoto akauliza, "Baba, mfalme yuko wapi?", hilo ndilo jibu.

MWAKA 1888: ANKOLE YAWAPOKEA WALIOKIMBIA

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo walimu wengi wa madrasa hulipita haraka. Sisi tunaona lisipitwe.

Uislamu uliingia Buganda katika zama za Kabaka Suuna wa Pili, na mwaka unaotajwa zaidi ni 1844, alipofika mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim. Kabaka Mutesa wa Kwanza alisoma dini, akafunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, kisha akawageuka Waislamu vijana waliokataa kula nyama yake na kuswali nyuma ya watu wasiokamilisha sharti za dini. Katika miaka ya 1875 na 1876 makumi miongoni mwao waliuawa, wengi wao Namugongo. Habari hii tunaipenda kuisimulia kwa sababu ni ya mashahidi wetu. Baadaye, kati ya mwaka 1885 na 1887, Kabaka Mwanga aliwaua vijana wa Kikristo. Hao nao wana watu wao wa kuwakumbuka.

Mwezi wa Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakampindua Mwanga. Umoja huo haukumaliza hata miezi miwili. Oktoba mwaka huo huo Waislamu waliwafukuza Wakristo kutoka katika serikali na mji, na muda si mrefu wakamweka Kalema kwenye kiti cha ufalme. Wakristo wa Buganda walikimbia. Walikimbilia wapi? Walikimbilia Ankole. Ntare wa Tano, ambaye hakuwa Mkristo wala Mwislamu, aliwapa mahali pa kukaa Kabula, mpakani mwa nchi yake na Buganda. Miongoni mwa wakimbizi hao alikuwemo Apolo Kagwa, ambaye baada ya Waislamu kushindwa vitani alikuwa waziri mkuu wa Buganda kwa miaka mingi.

Ndugu zetu, tuizingatie habari hii. Wanafunzi wetu wanaijua vizuri hijra ya Habasha, jinsi maswahaba wa Mtume (s.a.w.) walivyokimbilia kwa Najashi, mfalme ambaye wakati ule hakuwa wa dini yao, naye akakataa kuwarudisha kwa maadui zao. Tunapoisimulia, sisi ndio tuliokimbia. Katika habari ya Kabula, waliokimbizwa ni wengine na waliokimbiza ni Waislamu. Mwenye insafu huzisoma zote mbili. Tukiwafundisha watoto ile ya kwanza peke yake, tutawalea wakidhani kwamba dhulma ni kitu kinachofanywa na watu wengine tu.

KISWAHILI KILIPOPITA NKORE

Mwaka 1889, wakati wakimbizi wa Buganda wangali Ankole, msafara mkubwa ulipita nchi hii kuelekea pwani. Ulikuwa msafara wa Stanley, aliyekuwa akimtoa Emin Pasha katika jimbo la kusini ya Sudan. Wapagazi wake wengi walikuwa watu wa Unguja na mrima, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Ntare alimtuma kijana wa ukoo wake, Buchunku, akafanya udugu wa damu na Stanley. Wajumbe wa Wakristo wa Buganda nao walimwendea wakamwomba awasaidie kurudi kwao, lakini hakukubali. Msafara uliendelea na kufika Bagamoyo mwezi wa Desemba 1889.

Tunalitaja hili kwa ajili ya vijana wetu waliotoka Kivu na Maniema, ambao mara nyingine huchekwa mjini kwa Kiswahili chao, au huambiwa kwamba ni lugha ya askari. Kiswahili kilipita katika vilima hivi zaidi ya miaka 130 iliyopita, mdomoni mwa wapagazi walioswali na kufunga. Ni kweli kwamba baadaye raia wengi wa Uganda walikisikia kwa askari waliowaonea, na hofu hiyo tusiidharau. Lakini marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Kijana anayekijua ana hazina mkononi.

WAISLAMU WA MBARARA

Waislamu wa mji huu hawakutoka mahali pamoja. Wamo Waganda walioondoka kwao baada ya kushindwa katika vita vile vya dini, wakaja na elimu yao na biashara zao. Wamo Wanubi, wazao wa askari wa Sudan ambao Kapteni Lugard aliwaingiza katika jeshi la kampuni ya Kiingereza mwaka 1891, baada ya safari yake iliyopita Ankole. Wamo wenye asili ya Bara Hindi waliofungua maduka wakati wa ukoloni. Na wamo Wanyankole wenyewe waliosilimu, ambao leo ndio wengi katika misikiti ya vijijini. Katika miaka ya karibuni wameongezeka Wasomali, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda.

Ukiingia msikiti wa mjini siku ya Ijumaa utasikia Kinyankole, Kiganda, Kiswahili na Kisomali katika safu moja. Mwonyesheni mtoto safu hiyo. Imejengwa na watu ambao karibu wote, wao au babu zao, walifika hapa wakitoka mahali pengine.

MWAKA 1979: MTO ULIPOSHUHUDIA

Tunakuja kwenye sehemu nzito. Wazazi waamue wenyewe wataisimulia kwa umri gani, ila tunawaomba wasiifiche moja kwa moja.

Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971. Alikuwa Mwislamu, na mwaka 1972 liliundwa Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda. Septemba mwaka huo wapiganaji waliotoka Tanzania walishambulia kambi ya jeshi ya Mbarara wakashindwa, na baada ya hapo watu wengi wa mji na wilaya waliuawa au walipotea mikononi mwa askari wa serikali. Chuki ilijaa vifuani, na kwa kuwa mtawala alikuwa na jina la Kiislamu, wako waliomhesabia kila mwenye jina la Kiislamu dhambi za mtawala.

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, nchini Tanzania, yakaua na kuharibu. Tanzania ikajibu. Mwezi wa Februari 1979 majeshi yake yaliitwaa Mbarara na kuibomoa sehemu kubwa ya mji kwa mizinga na baruti, kulipiza yaliyofanywa Kagera. Basi mtakapofika mjini msishangae kuona majengo ya zamani ni machache. Mji huu umejengwa upya juu ya vifusi vyake.

Amin alipoondoka, kisasi kiliwaangukia Waislamu wa kawaida wa Ankole. Nyumba zilichomwa, mifugo ilichukuliwa, misikiti ilibomolewa. Mwezi wa Juni 1979, mahali paitwapo Kiziba, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Sheema, makumi ya Waislamu waliuawa kando ya mto Rwizi, na miili yao ikatupwa mtoni. Walikuwa wakulima na wachuuzi, wanaume, wanawake na watoto, ambao hawakuwa na cheo chochote katika serikali ya Amin. Kiziba iko upande wa juu wa mto. Maji mtakayoyaona chini ya daraja la Mbarara yametokea huko.

Tunawaomba msisimulie habari hii kwa nia ya kupanda chuki. Waliofanya hayo ni watu maalumu, na wakati ule ule walikuwepo majirani Wakristo waliowaficha Waislamu. Isimulieni pamoja na ile ya mwaka 1888, ili mtoto apate mizani mkononi. Wakristo walikimbia mbele ya Waislamu, na miaka 91 baadaye Waislamu walikimbia mbele ya Wakristo. Katika nyakati zote mbili aliyeumia ni jirani asiye na silaha.

NAKIVALE KATIKA HISTORIA HII

Je, sisi tumo wapi? Makazi ya Nakivale yalianza mwaka 1958 na kutangazwa rasmi mwaka 1960. Yanahesabiwa miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Waliokuwa wa kwanza kujaa humu ni Watutsi wa Rwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Wengine waliwekwa jirani, Oruchinga na Nshungerezi. Paul Kagame, ambaye baadaye alikuwa rais wa Rwanda, alifika Nshungerezi akiwa mtoto pamoja na familia yake, akakulia ukimbizini na kusoma Ntare School, shule iliyofunguliwa Mbarara mwaka 1956. Vijana wetu wanaodhani kwamba mtoto wa makazi hana mbele wakalitazame lango la shule hiyo.

Lakini hata hapa hadithi haikuwa ya mapokezi tu. Oktoba 1982, wakati wa serikali ya pili ya Obote, makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika vijiji vya Ankole, wengine wakiwa wamezaliwa hapo. Baadhi walisukumwa mpaka wa Rwanda, na baadhi walirudi kujibana Nakivale na Oruchinga. Ndipo tunapoona kwamba nchi hii imepokea na imefukuza, na kwamba mkono uliopokea na mkono uliofukuza ilikuwa mara nyingine ya watu wa kijiji kimoja.

Baada ya hapo wamekuja Wakongo wengi tangu vita vya mwaka 1996, Wasomali, na Warundi waliokimbia mwaka 2015. Tangu mwaka 2005 Nakivale imo katika wilaya mpya ya Isingiro, iliyokatwa kutoka Mbarara. Na tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ilipandishwa daraja kuwa jiji.

MPANGO WA SAFARI YA SIKU MOJA

Sasa tuingie katika mpango. Vituo ni vinne, na tumeviweka kwa namna ambayo historia inafuatana na njia.

Kituo cha kwanza: mto. Fikeni asubuhi mapema, mkasimame mahali salama kando ya Rwizi, mbali na magari. Ng'ambo ya mto mtakiona kilima cha Nyamitanga chenye kanisa kuu la Wakatoliki. Hapa simulieni habari ya maji, tangu Buhweju hadi Nakivale. Waonyesheni watoto jinsi kingo zilivyoliwa na kilimo, uchimbaji wa mchanga na ufyatuaji wa matofali, na taka zinazoingia mtoni, ilhali mji mzima unakunywa maji yake. Mtume (s.a.w.) alikataza kufuja maji hata kwa anayetawadha kwenye mto unaotiririka, somo hilo halina ubao bora kuliko huu. Kwa wakubwa, hapa ndipo pa kusimulia ya mwaka 1979 na kuwaombea dua waliouawa.

Kituo cha pili: kilima cha Kamukuzi. Hapa ndipo yalipokuwa makao ya Omugabe. Simulieni habari za Ntare, Kahaya, mkataba wa 1901 na kufutwa kwa ufalme. Kisha ulizeni swali hili: kwa nini watu wa nchi moja wanaweza kumkumbuka mfalme mmoja kwa namna mbili?

Rudini katikati ya mji kwa swala ya adhuhuri na chakula. Pitieni kwenye sanamu ya ng'ombe wa pembe ndefu, watoto huipenda.

Kituo cha tatu: makaburi ya Nkokonjeru, upande wa Kakiika, nje kidogo ya mji. Hapo wamezikwa Kahaya wa Pili na Gasiyonga wa Pili. Ombeni ruhusa kwa anayepatunza. Msikae juu ya makaburi wala msipige kelele. Mwislamu anapozuru makaburi hukumbuka akhera. Mbele ya kaburi la mfalme ukumbusho huo una nguvu zaidi, kwani aliyekuwa na ng'ombe wasiohesabika amelala palepale pasipo hata ndama.

Kituo cha nne: kituo cha utamaduni cha Igongo, Biharwe, kiasi cha kilomita 12 kutoka mjini katika barabara ya Masaka. Ndani yake kuna makumbusho yaitwayo Eriijukiro, maana yake mahali pa kukumbukia. Mtaona vyombo vya maziwa vya Wanyankole, silaha, na mambo ya maisha ya zamani. Kuna kiingilio, kwa hiyo pigeni simu mapema muulize bei ya wanafunzi na ya kikundi. Karibu na hapo kuna mnara wa kukumbuka kupatwa kwa jua, ambako wanahistoria wengi hukuweka mwaka 1520. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Bunyoro alikuwa akirudi na ng'ombe aliowateka, jua likapatwa, jeshi likaingiwa na hofu na kuwaacha ng'ombe hapo Biharwe. Ni nafasi nzuri ya kuwakumbusha watoto kwamba kwetu sisi jua likipatwa tunaswali, na kwamba Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa halipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake.

MAANDALIZI NA ADABU

Kwanza, karatasi. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake cha ukimbizi, na familia ibebe karatasi yake ya familia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kutembea, kwa masharti yake. Kwa kikundi cha wanafunzi ni vyema kupita ofisi ya kamanda wa makazi, ile ya OPM, siku kadhaa kabla, kuomba barua ya safari yenye orodha ya majina. Na kila mzazi atie saini kwamba ameruhusu mwanawe.

Pili, usafiri. Kwa kikundi, kukodi taksi moja kwa siku nzima ni nafuu na salama kuliko kubadilisha magari na boda boda. Patana bei pamoja na vituo vyote vinne kabla hamjaondoka. Ondokeni mara baada ya alfajiri, na mkusudie kurudi kabla ya giza. Mtu mzima mmoja ahesabu watoto kila mnapopanda gari na kila mnapoteremka.

Tatu, swala. Masafa ya kutoka kwetu hadi Mbarara hayafiki kilomita 80, ambayo kwa wanazuoni wengi ndiyo takriban masafa ya kupunguza swala. Hivyo swalini kamili, kila swala kwa wakati wake. Mwenye tatizo maalumu amuulize mwalimu wake kabla ya safari.

Nne, chakula. Bebeni maji na vitafunio vya watoto. Nyama mle mahali mnapopafahamu kuwa ni halali. Mbarara ina mikahawa ya Waislamu. Jaribuni pia chakula cha wenyeji. Eshabwe ni mchuzi mweupe wa samli, hauna nyama, na huliwa kwa ugali wa ulezi uitwao kalo. Kula chakula cha mwenyeji wako ni sehemu ya kumjua.

Tano, picha. Msipige picha za kambi za jeshi wala za askari, na msimpige mtu picha bila ya idhini yake.

Sita, daftari. Kila mtoto aandike mambo matatu: jambo jipya alilolijua, neno moja la Kinyankole alilojifunza, na swali moja ambalo hakupata jibu. Siku inayofuata madrasa isome daftari hizo. Wanafunzi wakubwa wawaulize pia wazee wa nyumbani mwao waliwasili Nakivale mwaka gani na nani aliwapa maji ya kwanza ya kunywa. Majibu hayo yaandikwe, kwani wazee wanaondoka, na historia ya makazi yetu bado imo vifuani kuliko vitabuni.

MWISHO

Ndugu wazazi, mtoto wa Nakivale huambiwa mara nyingi kwamba yeye ni mgeni. Karatasi zinasema hivyo, na mara nyingine hata midomo ya majirani. Hatupingi kwamba tuna nchi zetu tulizotoka, na wenye kutamani kurudi Allah awarudishe kwa amani. Ila tunataka mtoto huyo ajue kwamba kabla yake kuna wengi waliofika katika nchi hii wakiwa na mzigo mmoja kichwani, wa dini mbalimbali na lugha mbalimbali. Wapo waliopokewa vizuri, wapo walioumizwa, na wapo ambao walipopata nguvu waliwasahau wenzao walio nje ya mlango. Akilijua hilo, siku moja akiwa yeye ndiye mwenye nyumba na nguvu, huenda akafungua.

Tunamuomba Allah (s.w.) awarehemu waliouawa kwa dhulma kando ya mto huu na kwingineko, awalipe kheri waliowaficha na kuwapokea waliokimbia, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Aamin.

Wabillahi tawfiq.